Herufi za Matanga

Jumatano, tarehe kumi na nne Aprili. Mvua imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa haijaacha. Mabati ya nyumba yetu hapa Migosi yanapiga kelele hata redio nimeizima. Upande wa ziwa ni kijivu tupu.

Nyinyi vijana wa kanisa mnaotengeneza mabango kwa kompyuta mlikuja Jumapili kuniuliza tangazo la msiba wa Mama Dorka liandikwe kwa herufi gani. Mlikuwa mmechagua zile za kupindapinda kama za kadi ya harusi. Nikawaambia nitawajibu kwa maandishi, na tangu hapo najiuliza nani alinituma kuahidi. Shule niliacha darasa la sita. Lakini nilipanga herufi kwa mikono hapa Kisumu miaka ya sitini na ya sabini, herufi moja moja, kichwa chini na kinyume, kwa hiyo ninachokumbuka nitakiandika. Pale ambapo sina hakika nitasema.

Karakana yetu ilikuwa nyuma ya barabara ya stesheni ya reli. Mwenye nayo alikuwa Bwana Karsan, mtu mwembamba aliyevaa miwani mbili kwa pamoja akisoma prufu, yaani ile karatasi ya kwanza ya kujaribia. Fundi mkuu alikuwa Mzee Yuda Ogola kutoka Nyakach, chini ya Pap Onditi kuelekea ziwani. Mimi nilitoka milimani huko Maragoli, nikapanga chumba Obunga, na kwa sababu ya salamu yetu Mzee Ogola alinibatiza Mulembe. Mpaka anastaafu hakuwahi kuniita jina lingine.

Tulikuwa na aina mbili za herufi kubwa. Za kwanza zilikuwa nyembamba, hazina mapambo. Tuliziita Peku, maana zilisimama miguu mitupu. Hizo zilikuwa za mpira, dansi, mnada wa ng'ombe na mikutano. Za pili zilikuwa nene, nyeusi, za mti mgumu, nyingine kimo cha kiganja, na kila herufi ilivaa viatu: kile kipande bapa chini ya mguu na juu ya bega. Upande mmoja wa herufi ulikuwa mnene kama nguzo ya ghala, upande wa pili mwembamba kama uzi. O yake ilikuwa na mashavu mawili mazito na juu imebanwa. R ilitupa mguu mbele kama mtu anayetaka kupita kwenye foleni. Hizo tuliziita Matanga, kwa sababu zilichapa wafu tu.

Nani aliamua hivyo sijui. Mzee Ogola alisema alizikuta hivyo. Bwana Karsan alisema Ogola ndiye aliyeanza. Nawaachia wote wawili. Ninachojua ni kwamba familia ikija na msiba ilitaka tangazo zito. Jina la marehemu likikaa kwa Matanga, na fremu nyeusi pembeni, karatasi ile ilionekana kutoka ng'ambo ya soko. Zilibandikwa gatini, vituo vya basi, kwenye mabanda ya samaki. Wengi wa kule ufukweni hawakusoma siku zile, lakini weusi ule waliujua. Mama akiuona tu aliweka kikapu chini, akafunga leso kiunoni, halafu ndipo akauliza, "En ng'a?" Ni nani?

Kuna mwuza nyama mmoja alizipenda kwa unene wake. Akasema nyama yake pia ni nene. Mzee Ogola akakataa, yule bwana akamzunguka, akaenda kwa Karsan, akachapiwa NYAMA SAFI kwa Matanga. Wiki nzima alikaa na nzi wake. Watu walipita wakivua kofia. Alirudi anafoka: "Ogola, umeniua!" Mzee Ogola akamjibu bila kuinua kichwa, "Omera, ndugu yangu, mimi nilikukataza. Umejiua mwenyewe, na kwa herufi nzuri." Tulicheka mpaka Bwana Karsan akatoka ofisini. Ndiyo hayo tu. Tulicheka, wala hatukufikiri zaidi.

Sasa niwaambie kidogo jinsi zilivyofanya kazi, maana nyinyi mnabonyeza tu. Herufi zile zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. E zilikuwa tele, lakini A zilikuwa chache sana, na lugha zetu zinakula A kama ugali. K zetu zilikuwa zimelika pembe. Q na X zilikaa ndani ya kesi yao, lile sanduku la vijumba, zikiwa mpya kama bwana harusi, hazijaonja wino. Mzee Ogola alichukua V, akaigeuza kichwa chini, akabandika kijiti katikati kwa gundi, ikawa A. Jaribuni muone: upande mnene unaangukia kulia, palepale A inapoutaka. Mimi nilijaribu hivyo hivyo kwa M, nikiigeuza nipate W. Ikatoka kama mwanamke amekaa vibaya. Alinipiga kofi la kisogo, si kwa nguvu.

Tena alikata T na A ubavuni kwa msumeno ili zikae karibu. Ukiziweka T na A bila kukata, katikati panabaki shimo ambalo jicho linaanguka ndani. "Zisogeze kama watu kwa benchi ya kanisa," alisema, "wasigusane, lakini mtoto asipite." Na wino uwe mgumu, kidogo tu, la sivyo matundu ya A na R yanaziba, na ile mistari myembamba inavimba. Mchana wa joto wino unalegea. Siku ya mvua kama leo karatasi ndiyo inayolegea. Herufi iliyochakaa ilipandishwa kwa kipande cha karatasi ya sigara chini yake. Alijua kwa kidole ni ipi imepungua.

Basi, kipindupindu kilipoingia pande za ziwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuja karakana bwana afya mmoja. Jina lake Wafula, kijana bado, macho mekundu kwa kukosa usingizi, viatu vimejaa chokaa. Alitaka tangazo la haraka: watu wachemshe maji ya kunywa, wasile chakula kilichopoa, na wasikusanyike matangani mpaka waambiwe. Akaonyesha kidole tangazo la marehemu mmoja lililokuwa likikauka kwenye kamba.

"Nataka kama hiyo. Mtu akiwa juu ya baiskeli aione."

"Hiyo ni ya wafu, Bwana," Mzee Ogola akasema. "Nitakuwekea Peku. Inasomeka vizuri."

"Peku ni ile ya dansi? Mzee, nikibandika kitu cha dansi watu wataniuliza bendi gani inapiga."

"Na hii nikikupa, nitawaambia nini wale ambao imewazika?"

Nataka kuwa mkweli hapa. Mzee Ogola hakusema watu watachanganyikiwa. Aliona tu si heshima. Na bwana afya hakuwa mjinga. Alitaka watu waogope, na walikuwa na sababu ya kuogopa.

Bwana Wafula akavua kofia. "Mzee, jana nimezika watoto wawili wa nyumba moja. Hakuna aliyewachapia hata karatasi."

Mzee Ogola alikwenda akanawa mikono, kama alivyofanya kila mara kabla ya msiba, akavuta kesi ya Matanga. "Mulembe, leta T."

Alipanga mwenyewe. TANGAZO juu, T na A zimekaa kama watu wa kanisani. CHEMSHA MAJI katikati, herufi kubwa kabisa tulizokuwa nazo, na A ya kijiti ndani yake. Maneno ya kutokusanyika matangani yalikuja chini kwa herufi ndogo za risasi, kwa sababu A zilikuwa zimekwisha. Alipomaliza, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye trei ya fremu, akachukua ile mistari mizito myeusi, akaizungushia pande zote nne, akaifunga. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyemzuia. Kwa miaka yote hiyo Matanga haikuwahi kutoka bila fremu yake, ndiyo sababu hakuna aliyeiona kama kitu cha kuongezwa. Prufu ilipotoka Bwana Karsan akavaa miwani yake mbili akasema, "Maridadi." Bwana afya akasema, "Hiyo ndiyo." Na mimi nawaambia nyinyi vijana, sikuona kazi nzuri kuliko ile miaka yote niliyokaa pale.

Zilibandikwa kuanzia gatini hapa Kisumu mpaka Ahero mpaka soko la Pap Onditi, siku ya soko.

Siku iliyofuata, utingo wa basi la Nyakach alisimama mlangoni petu, kofia mkononi. Tulimfahamu. Ndiye aliyekuwa akibeba vifurushi vya matangazo.

"Jaduong', mzee wetu, pole sana kwa ndugu yako."

"Ndugu gani?" Mzee Ogola alikuwa ameshika stiki, kile chuma cha kupangia.

"Zablon. Watu wanateremka kwake tangu jana jioni. Hata ng'ombe wamepelekwa."

"Zablon hajafa."

"Haki?" Utingo akatutazama mmoja mmoja. "Basi zile karatasi umezichapa za nani?"

Nilichelewa kuelewa. Zablon, kaka yake mkubwa, alikuwa ameugua mguu muda mrefu, na kila mtu kule alijua hali yake. Walipoona karatasi nyeusi nyingi kuliko kawaida, kila mti, kila duka, walijiuliza nani mwenye ndugu wa kumchapia nyingi hivyo. Jibu likawa jepesi. Mwalimu wa shule ya karibu, ambaye angewasomea, alikuwa amekwenda kwao. Sijui kama angekuwepo ingesaidia. Pengine kuna waliosoma. Lakini mtu akishalia hana subira ya kusoma maandishi madogo.

Tulipanda basi lile lile tukirudi nalo. Tulipofika Katito Mzee Ogola akasema tu, "Ile fremu, Mulembe."

Kwa Zablon palikuwa pamejaa. Wanawake wameshachoka kulia na sasa wanaongea, wanaume chini ya turubai, ng'ombe amechinjwa. Katikati, kwenye kiti, blanketi mabegani, mguu umefungwa kitambaa, alikaa Zablon mwenyewe akipokea mikono ya waombolezaji.

"Yuda," akamwita ndugu yake kwa sauti ya kila mtu kusikia, "umenifanyia jambo zuri. Nimewaona wote wanaonipenda. Na wasiokuja pia nimewaona."

Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Mzee Ogola alipiga magoti mbele yake akasema kwa Kiluo kitu ambacho sikukisikia vizuri. Kisha akasimama akawaambia watu: kile kikaratasi si cha kifo, ni cha ugonjwa, tafadhali rudini makwenu, msinywe maji haya.

Bwana Wafula alifika muda mfupi baadaye na pikipiki, dumu la dawa nyuma yake. Alikuwa amesikia njiani. Alisimama juu ya kinu akapaza sauti: "Mgonjwa yuko hai! Rudini nyumbani!"

"Tumemwona," mtu akajibu. "Ndiyo maana tunafurahi."

"Msile hapa! Msinywe!"

Mama mmoja mzee, Mama Perez, jirani, akamjia mpaka karibu. "Kijana wangu, nimemlilia mtu huyu usiku kucha. Sasa niondoke bila kula kwake? Hiyo ni kumtakia kaburi." Sijui kama ni desturi au alisema tu. Lakini wengi walitikisa kichwa kukubaliana naye. Na wapeni haki yao, walikuwa wametembea mbali kwa kumpenda mtu.

Binti ya Zablon alikuwa akipita kati yao na ndoo kichwani, kutoka ziwani na kurudi ziwani, maana mgeni hakaribishwi na koo kavu. Kuni zote zilikuwa chini ya sufuria za nyama. Hakuna aliyekuwa na moto wa kuchemshia maji ya watu wengi kiasi kile. Bwana afya alimwaga dawa kwenye mtungi mmoja. Watu wakaonja, wakasema inanuka, wakangoja ndoo inayofuata. Yule binti anaitwa Rispa. Ni mke wangu. Tulioana miaka kadhaa baadaye, na haya naandika kwa ruhusa yake.

Ugonjwa uliingia kwenye lile boma kabla watu hawajatawanyika vizuri. Nani aliuleta, au kama ulikuwa ndani ya maji tayari, hakuna anayejua, na mimi sitamtaja mtu. Mama Perez alikufa. Ouko, mdogo wake Rispa, alikufa. Zablon alikufa baada ya mwanawe, na inasemekana hakuambiwa kuhusu mtoto, lakini Rispa anasema alijua. Wengine walikufa makwao na siwezi kuwahesabu.

Zablon alizikwa na watu wachache na chokaa. Bwana Wafula alisimama njia panda akiwarudisha watu, na safari hii walirudi. Wengine walimtupia maneno mabaya. Alisimama tu.

Mzee Ogola aliporudi kazini hata Bwana Karsan alikuwa ametoka ofisini akasimama karibu na mashine bila kitu cha kufanya. Mzee Ogola akavuta kesi ya Matanga. Nikaenda kuleta fremu, nikidhani atapanga jina la kaka yake. Alizitazama zile herufi, akagusa Z, ambayo haikuwa imetumika sana na makali yake yalikuwa bado mazima. Halafu akarudisha kesi mahali pake.

"Hapana," akasema. "Hii nimeshamchapia."

Akachukua Peku. Akapanga upya tangazo lote la bwana afya kwa herufi za dansi, bila fremu, na kutokusanyika matangani akakuweka juu kabisa. Kisha akakata kipande cha lino, lile zulia gumu la sakafuni, kilichobaki ofisini kwa Karsan, akachonga chungu juu ya mafiga, moshi unatoka. Chungu kilitoka vibaya, kina miguu kama mbuzi. Prufu ya kwanza aliibandika mlangoni, akavuka barabara, akasimama kwenye kivuli cha duka la baiskeli akitazama nyuso za wapita njia. Akanituma nimwulize mwanamke mmoja wa sokoni ameona nini. Mwanamke akasema, "Nimeona mtu hajui kuchora mbuzi. Lakini mbona mnampika na maji?" Mzee Ogola akaniambia, "Sawa. Chapa."

Sijui kama tangazo lile la pili liliokoa mtu yeyote. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua wenyewe, na dawa zilikuwa zimefika. Bwana Wafula alidhani lilisaidia. Lakini alikuwa mtu mwema, pengine alisema ili Mzee Ogola asikie.

Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotoka kwetu bila kusimama mlangoni kwanza na sisi ng'ambo ya barabara. Bwana Karsan alilalamika kuhusu muda, lakini hakukataza. Baadaye zilikuja mashine za kuchapa kwa picha, zile herufi za mti zikauzwa na rafu zake kwa mtu wa fanicha, na mimi nikajifunza kukata filamu kwa wembe. Sikuipenda sana. Huenda ni uzee.

Mmeniuliza herufi gani. Nimeandika yote haya na bado sina jibu la neno moja, mnisamehe. Zile za harusi ziacheni. Chagueni nene zenye viatu mkitaka, kompyuta yenu inazo, nimeziona, na T na A yake mzisogeze. Lakini chapeni moja kwanza. Ibandikeni langoni pa kanisa, vukeni barabara, msimame mtazame watu wanaiona nini kabla hawajaisoma. Wakivua kofia, chapeni zilizobaki.

Jioni nilimsomea Rispa. Alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, hakuinua kichwa. Mwishoni akasema nimekosea, ng'ombe walikuwa wawili, mmoja wa wajomba zake. Nikamwambia mimi nilimwona mmoja. Akasema, "Wewe ulikuwa unatazama bwana afya." Yaweza kuwa. Kisha akasema, "Umeandika kwamba Baba alicheka?" Nikamwambia nimeandika. "Basi acha hivyo."

Tumekula ugali na omena wa kukaangwa na nyanya, na osuga kidogo, ile mboga ya mnavu, iliyobaki jana, ambayo aliipasha moto mpaka ikachemka mara mbili. Mvua bado inanyesha, maji safi yanatiririka kwenye mabati tangu asubuhi, na ya kunywa yaliyo mezani aliyachemsha mwenyewe. Nimemimina kikombe changu. Bado ni ya moto.